Njia Mbili Ndani ya Mti: Mwongozo kwa Mwenye Shamba Kwale

Mbuzi akifungwa kwenye mchungwa kwa kamba ya nailoni, akashinda anauzunguka mti mchana kutwa, ile kamba hula gome kidogo kidogo mpaka ikafika kwenye mti mweupe. Mwenye shamba huenda asione lolote la kumtia wasiwasi. Majani yatabaki kijani kwa wiki nyingi, pengine msimu mzima, na machungwa yaliyoko juu yanaweza hata kuzidi utamu. Kisha, bila onyo, mti utaanza kukauka, na watu watatafuta ugonjwa usiokuwapo. Mizizi ya mchungwa huo imekufa njaa huku majani yakiwa yameshiba.

Ukielewa kwa nini, utakuwa umeelewa karibu kila jambo ambalo panga lako, jembe lako na ndoo yako vinaweza kuufanyia mti, jema au baya.

Ndani ya mchungwa, mwembe, mkorosho au mstafeli mna njia mbili. Ya kwanza ni njia ya maji, ambayo vitabu vya shule huiita zailemu. Hiyo ndiyo mbao yenyewe: mirija myembamba mno, iliyokwisha kufa, inayopandisha maji na madini kutoka mizizini hadi kwenye majani. Ya pili ni njia ya chakula, yaani floemu. Hii ni hai, nayo hukaa katika ule utando laini, wenye unyevu, ulio chini kabisa ya gome. Sukari iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua hupita humo kwenda popote inapohitajika: mizizini, kwenye matunda, kwenye machipukizi. Kati ya njia hizo mbili pana tabaka jembamba kuliko karatasi, kambiamu, ambalo huzaa mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Bandua gome la tawi bichi wakati wa mvua upitishe kidole: ule utelezi unaougusa ndio kambiamu.

Sasa utaona kamba ya mbuzi ilichofanya. Ilikata njia ya chakula pande zote na kuiacha njia ya maji nzima. Mtaalamu wa Kiitalia Marcello Malpighi alivua miti magome kwa duara kwa makusudi katika karne ya 17, akaona gome la juu ya jeraha likivimba. Huhitaji kwenda maktaba kulithibitisha hilo. Tafuta mwembe uliofungwa waya wa kuanikia nguo miaka kadhaa iliyopita, utazame juu kidogo ya waya: utakuta uvimbe, kwa kuwa sukari inayoshuka imezuiliwa hapo.

Basi msimamo wangu ni huu, na sina nafasi ya mapatano juu yake: usifunge mnyama wala waya kwenye mti wa matunda. Chomeka kigingi ardhini. Msumari mmoja ni kidonda kidogo ambacho mti utakimeza, lakini waya unaozunguka shina ni hukumu ya kifo iliyocheleweshwa, maana shina linanenepa kila mwaka na waya haunenepi.

Ukikuta gome limeliwa, pima kwanza. Ikiwa umebaki ukanda mzima unaounganisha juu na chini, hata kama ni robo tu ya mzunguko, mti una nafasi nzuri ya kupona. Safisha kingo za jeraha kwa kisu kikali, ulikinge na jua, usiongeze dawa yoyote. Ikiwa duara limekamilika na jeraha bado ni bichi, jenga daraja: kata vijiti vya unene wa penseli kutoka kwenye mti uleule, virefu kuliko jeraha, uchonge ncha zote mbili, uzipenyeze chini ya gome juu na chini ya kidonda, kisha ufunge imara na kuziba kwa nta. Vijiti visigeuzwe: upande uliokuwa chini ubaki chini. Kazi hii hufaulu msimu wa mvua, gome linapobanduka kwa urahisi. Siri yake ni ileile ya miche ya kupachika: kambiamu ikutane na kambiamu. Zisipogusana, kamba nzuri na nta nyingi hazitasaidia kitu. Na kama mchungwa wako ulipachikwa juu ya mlimau, usiukate chini ya kiungo ukitarajia uchipue machungwa. Utachipuka mlimau.

Mbuyu ndio unaotuvunjia kanuni hii. Ukivuliwa gome lake kwa ajili ya kamba, hurudisha jingine, na ndiyo sababu mibuyu mizee ya Diani ina makovu marefu na bado iko hai. Usichukue ruhusa ya mbuyu ukaitumia kwa mwembe.

Mnazi ni jambo jingine

Mtu wa Kwale anaweza kunijibu kwamba ng'ombe wake amefungwa kwenye mnazi miaka nenda miaka rudi na mnazi haujafa. Ni kweli. Tazama kisiki cha mnazi uliokatwa: huoni gome la kubandua wala miduara ya miaka. Unaona nukta nyingi za rangi ya kahawia zilizotawanyika katika shina lote. Kila nukta ni fungu lenye njia zote mbili, ya maji na ya chakula, zikiwa pamoja. Kamba ikila sehemu ya nje, mafungu mengi ya ndani hubaki salama.

Lakini nguvu hiyo ina bei yake. Mnazi hauna kambiamu. Haunenepi, na haufuniki jeraha kwa mbao mpya kama ufanyavyo mwembe. Kidato kilichokatwa na babu kwa ajili ya kukwea kitakuwapo mjukuu atakapokuja kuangua. Zaidi ya hapo, mirija inayolisha kilele cha mnazi wa miaka 60 ni ileile iliyojengwa shina lilipokuwa linapanda, haibadilishwi. Naliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko mengi yaliyomo shambani, kwamba mirija hai ya sukari inaweza kufanya kazi miongo kadhaa bila mrithi.

Kwa hiyo vidato visichimbwe ndani sana, na kila kimoja kiinamie nje ili maji ya mvua yasituame na kuozesha shina. Ukiweza kukwea kwa kitanzi cha kamba au ngazi, ni afadhali. Kisha linda kilele. Mwembe ukikatwa kichwa huchipua pembeni. Mnazi una chipukizi moja tu, juu kabisa, na likifa mti wote umekwisha. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anajua palipo laini. Ukiona majani mapya yamekatwa umbo la pembetatu kana kwamba kwa mkasi, amekwisha kuingia. Mtafute tunduni kwa waya wenye ndoana, na uondoe magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi ya zamani, maana huko ndiko anakozaliana.

Maji huvutwa kutoka juu

Mnazi mrefu unapandisha maji zaidi ya mita 20 bila mashine, na hakuna moyo unaodunda mizizini. Wanaochimba visima wanalijua tatizo lililopo hapa. Pampu ya kufyonza iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kunyanyua maji kupita mita 10 hivi, hata ufanyeje, kwa sababu kinachoyasukuma ni uzito wa hewa tu. Ndiyo maana pampu ya mkono ya Afridev, ambayo vijiji vya Kwale vilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kuijaribu miaka ya 1980, huteremsha vyuma vyake hadi pistoni iwe ndani ya maji kabisa.

Mti hauna pistoni. Una majani yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, stomata, na kila tone linalogeuka mvuke hapo humvuta mwenzake aliye nyuma yake. Maji yaliyo ndani ya mrija mwembamba hushikamana kwa nguvu kubwa, basi mvuto huo hushuka tone kwa tone mpaka kwenye ncha ya mzizi. Henry Dixon na John Joly walieleza hivyo mjini Dublin mwaka 1894, na hoja yao ndiyo inayokubalika hadi leo.

Jaribu mwenyewe. Chukua mfuko mwangavu wa mkate, uvishe tawi la mwembe lenye majani, ufunge mdomo wake vizuri, uache juani. Baada ya saa moja au mbili utaona matone ndani. Hesabu kichwani mwako mti una matawi mangapi ya kiasi hicho, ndipo utajua kwa nini shamba huwa kavu baada ya upepo mkavu wa kaskazi kuvuma mfululizo, hata kama hukupanda chochote kipya.

Jua na upepo ndivyo vinavyovuta, basi panga kazi zako kwa kufuata hivyo. Miche ihamishwe jioni, mwanzoni mwa masika, wakati mawingu yanapokusaidia. Unapong'oa mche unakata vijizizi vyembamba vinavyokunywa maji, ilhali majani yanaendelea kuvuta kana kwamba hakuna kilichotokea. Punguza majani: kata nusu ya kila jani kubwa la mchungwa au mpapai, uweke kivuli cha kuti kwa wiki ya kwanza. Wengi huona huruma kukata majani, na huruma hiyo ndiyo inayoua miche.

Mwagilia pale vijizizi vilipo. Kwa mwembe mkubwa, ni chini ya ukingo wa matawi. Maji unayomwaga kwenye shina hayana wa kuyanywa. Mizizi ya mnazi haina vinyweleo, na ile yenye kazi nyingi iko ndani ya mita mbili hivi kutoka shinani. Chimba mtaro usio na kina katika duara hilo, upange makumbi migongo ikiwa chini ili yashike maji, ufukie. Makumbi yatanyonya mvua na kuiachia polepole, na yakioza yatarudisha potasiamu iliyokuwamo. Nikiona makumbi yakichomwa moto kando ya minazi yenye njano, roho huniuma.

Mpapai au mboga zikilegea saa saba mchana, usikimbilie ndoo. Majani yamevuta kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kujaza, na jioni yatasimama tena. Ukikuta bado yamelala saa kumi na mbili asubuhi, hapo pana shida: ama udongo ni mkavu, ama mizizi imeoza. Chimba kiasi cha kiganja. Kama udongo umelowa na unanuka, kumwaga maji zaidi ni kuua, maana mzizi usiopata hewa hauwezi kunywa hata ukiwa umezama.

Nanyi mnaopamba maua kwenye hoteli za Diani, kateni ncha za mashina upya yakiwa ndani ya maji. Shina likikatwa hewani huvuta kiputo, na kiputo hukata uzi wa maji. Ua hunyauka ndani ya chombo kilichojaa.

Kuyasoma majani

Madini hupanda yakiwa yameyeyuka ndani ya maji, lakini yakishafika juu hayana tabia moja. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huweza kupakiwa tena katika njia ya chakula na kuhamishwa. Yakipungua, mti huyanyang'anya majani makuukuu na kuyapeleka kwa machanga. Chuma na kalsiamu, kwa sehemu kubwa, vikishatua hapo vimetua. Kwa hiyo tazama njano imeanzia wapi. Ikianza kwenye majani ya chini, mti una njaa ya naitrojeni, potasiamu au magnesiamu: leta samadi, na kwa mnazi leta majivu na makumbi. Ikianza kwenye majani machanga huku mishipa yake ikibaki kijani, shuku chuma.

Ukanda wa Diani una udongo ulio juu ya mawe ya matumbawe, nao umejaa chokaa. Chuma kimo humo, lakini chokaa hukifunga kisiyeyuke, na kisichoyeyuka hakipandi. Mtu akiongeza chokaa au majivu mengi hapo anazidisha ubaya. Chimba shimo pana, ujaze samadi iliyooza na majani yaliyooza, au unyunyizie majani mbolea ya maji yenye chuma wakati wa jioni. Kama una eneo la kuchagua, panda michungwa ndani zaidi, kwenye udongo mwekundu wa kuelekea Shimba Hills, uuachie mnazi ukanda wa pwani.

Kalsiamu hufuata maji tu. Nyanya inayooza kitako mara nyingi imepandwa penye kalsiamu ya kutosha. Kilichokosekana ni maji ya mfululizo. Ukimwagilia leo mafuriko na kuacha wiki nzima, tunda halifikiwi. Mwagilia kiasi kidogo kwa kawaida isiyobadilika, na utandaze nyasi kavu juu ya udongo.

Kisima chenye chumvi

Karibu na ufuo, kisima kinachovutwa sana huingiliwa na maji ya bahari. Mzizi hunywa kwa sababu ndani yake mna chumvi na sukari nyingi kuliko nje. Udongo ukiwa na chumvi kupita kiasi, mvuto huo hupungua na mti huona kiu ndani ya maji. Kile kidogo kinachoingia husafiri hadi kingo za majani, maji yakatoka kama mvuke, chumvi ikabaki. Ndiyo maana majani makuukuu huungua kwenye ncha na kingo kwanza.

Onja maji ya kisima chako mwezi wa Machi, kabla ya masika, ndipo yanapokuwa mabaya zaidi. Yakiwa na ladha ya chumvi, usimwagilie michungwa, miembe wala miparachichi kwayo. Na kama huna maji mengine, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, ili chumvi isukumwe chini kupita mizizi. Kunyunyiza kidogo kila siku huirundika juu. Mnazi hautishiki. Huko Ufilipino, wakulima walio mbali na bahari huiwekea minazi yao chumvi kama mbolea, kwa kuwa mnazi unahitaji klorini.

Ukitaka kuona jinsi mimea ilivyolimudu jambo hili, nenda Gazi, upite kwenye daraja la mbao la akina mama ndani ya mikoko. Mkoko wenye mizizi ya magongo huizuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi. Mchu huiruhusu iingie kisha huitoa kupitia majani: lamba jani lake wakati wa jua na utaikuta ulimini. Miche ya mikoko hupandwa kwa kufuata tofauti hizo, kila aina penye kina chake cha maji, na wanaopanda chini ya mradi wa Mikoko Pamoja watakuonyesha mpaka wa kila mmoja.

Sukari, na anayeitoa

Hakuna anayeijua njia ya chakula kwa mkono kuliko mgema. Yeye hufunga kole changa likiwa bado ndani ya karara, hulipigapiga taratibu, hulipinda siku kwa siku, kisha hukata ncha kwa kotama na kutundika kibuyu. Kinachodondoka ni utomvu wa floemu wenyewe, sukari iliyokuwa safarini kwenda kutengeneza nazi, kati ya sehemu 12 na 18 kwa kila 100. Mnazi mzuri hutoa lita moja au mbili kwa siku. Mjerumani Ernst Münch alieleza mwaka 1930 kinachousukuma: majani hupakia sukari kwenye mirija, sukari huvuta maji kwa nyuma yake, na shinikizo huelekea palipo na mtumiaji. Kole lililokatwa ni mtumiaji asiyeshiba.

Mti hujitetea. Mirija iliyojeruhiwa huziba yenyewe, na hiyo ndiyo sababu mgema hurudi asubuhi na jioni kukata kipande chembamba kama karatasi. Akikata kinene anamaliza kole kabla ya wakati. Ukitaka tembo tamu au asali ya mnazi, osha kibuyu kwa maji ya moto kila mara, uchemshe utomvu mara tu unaposhushwa. Ukiacha nusu siku, hamira ya hewani imekwisha kuila sukari. Na ujue kwamba kole linalogemwa halizai nazi. Chagua minazi ya kugema na minazi ya kuangua, usidai vyote kwa mti mmoja.

Wapo wageni wanaogema bila ruhusa: vidukari na nzi weupe, wanaochoma mrija kwa mdomo na kunyonya. Utomvu una sukari tele na protini kidogo, basi hutupa sukari iliyozidi, ikadondoka kwenye majani ya chini na kuota ukungu mweusi kama masizi. Masizi hayo si ugonjwa wa jani. Ukimwondoa mnyonyaji, mvua itayaosha. Nyunyiza maji ya sabuni, au ya mwarobaini, chini ya majani, jioni. Maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, hupenda sukari hiyo pia, lakini usiwaue kwenye minazi na mikorosho: wanamfukuza kunguni anayedondosha vidaka.

Bado makuti. Paa za hoteli na nyumba za wageni zinayataka, na mnunuzi hulipa leo. Mnazi wenye afya hubeba majani 25 hadi 35 na kutoa jipya moja hivi kwa mwezi. Kila jani hulea kole moja kwapani mwake, na nazi huhitaji karibu mwaka mzima tangu ua lifunguke hadi kukomaa. Majani 12 kwa mwaka ndiyo mapato ya mti. Ukikata zaidi unakula mtaji, nawe utauona upungufu mwaka ujao kwenye vidaka vinavyopukutika, wakati fedha ya makuti imekwisha. Kata yaliyoinama chini, ambayo kole lake limekwisha kuanguliwa. Kuti lenye kole changa liache, na mnazi unaogemwa usiuguse kabisa.